Sipangi Foleni Nyuma ya Stika

Jumatatu, 2 Juni

Tangazo limebandikwa mlangoni pa ofisi ya bandari. Kuanzia leo ni marufuku boti yoyote kumwaga maji ya choo bandarini. Marufuku! Kila boti yenye choo ifunge tangi lake mpaka lijae, kisha ije gatini siku ya Jumatano tangi linyonywe na bomba jipya. Atakayefungulia baharini ananyang'anywa leseni.

Nimelisoma mara tatu. Nikasema kwa sauti kwamba bahari haijawahi kulalamika. Aliyecheka ni shemeji peke yake, mdogo wake mke wangu, naye ameajiriwa kwenye boti yangu. Kucheka ni sehemu ya kazi.

Sababu tunaijua sote. Mashindano ya kuogelea kuvuka bandari yamefutwa miaka miwili mfululizo kwa uchafu wa maji. Waogeleaji walikuwa wanatoka na masikio yanauma na matumbo yanaendesha. Mwaka huu yamepangwa Jumamosi ya tarehe 14, kwa sharti moja: Jumatano ya tarehe 11 maji yanapimwa. Yakionekana machafu, haogelei mtu. Na binti yangu amejiandikisha. Ana miaka kumi na sita, mwakani atakuwa amezidi umri wa kundi lake, na mazoezi ameyaanza akiwa na kumi na nne. Kwa hiyo kimsingi naunga mkono marufuku. Kimsingi.

Tatizo ni Stika.

Stika ni nahodha wa boti iliyofungwa jirani na yangu, mwaka wa kumi na moja sasa. Kioo chake cha mbele kimejaa stika za ukaguzi mpaka sijui anaonaje anakokwenda. Ya moto, ya maboya, ya taa, ya huduma ya kwanza. Kila asubuhi anasugua boti kwa brashi huku anapiga mluzi. Leo kapewa stika namba moja ya tangi. Si hiyo tu. Kapewa na ufunguo wa bomba! Yaani boti zote zipange foleni na yeye ndiye wa kusema nani asogee. Nimeuliza mimi ni wa ngapi. Wa kumi na nne. Boti zenyewe ziko kumi na nne.

Mimi nipange foleni nyuma ya Stika na tangi langu la choo, abiria wananitazama? Thubutu!

Gatini wananiita Mipango. Wanasema kwa kejeli, mimi naipokea kama cheo. Mke wangu anasema foleni yenyewe ni dakika ishirini, nipange yaishe. Hajui siasa za gatini.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza. Boti isiyo na choo haina tangi, isiyo na tangi haina foleni. Rahisi! Asubuhi nimebandika kibao mlangoni pa choo: STOO. Shemeji kapanga ufagio, ndoo na kamba mbele ya mlango. Kazi nzuri, lazima niseme.

Mkaguzi kaja saa nne na rejista yake. Ni dada mmoja mfupi, mpole, ana kalamu tatu mfukoni. Hana haraka, na mtu asiye na haraka ni wa kuogopwa. Nikamwambia chombo changu hakina choo, abiria wangu ni watu wenye subira. Akaandika. Akauliza stoo ina nini. Nikasema ufagio.

Hapo hapo ndani ya stoo yakasikika maji yakishuka kwa kishindo. Mlango ukafunguka, akatoka mwalimu mmoja mrefu, abiria wangu wa kila siku, akaivuka ndoo, akatuambia sabuni imekwisha.

Mkaguzi hakucheka. Aliandika, na sabuni akaiandika.

Kisha akavaa glavu, akatoa kidonge kilichofungwa kwenye karatasi, akakidumbukiza tangini. Akanieleza taratibu kwamba ni kidonge cha rangi. Tangi likivuja au likifunguliwa, maji ya bandari yatasema. Kila boti imepata chake. Akaandika tena kidogo, akafunga rejista, akaniaga vizuri.

Nimewaza jioni nzima. Boti kumi na nne, vidonge kumi na vinne. Rangi ikionekana majini, nani atajua imetoka kwa nani? Mkaguzi mzima, kalamu tatu mfukoni, hilo hakuliona! Nimelala natabasamu.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya bomba. Sikwenda. Nilikaa kwenye boti yangu nikanywa chai, nikaitazama foleni kwa raha zangu. Stika kavaa viatu vya mpira vya njano na aproni, anaelekeza watu kwa mkono kama askari wa barabarani.

Saa saba kaja mwenyewe kuniuliza kama tangi langu limejaa. Nikasema bado, tupu kabisa, abiria wangu hawanywi maji. Akasema likijaa hata katikati ya wiki nimwambie, atanifungulia bomba mimi peke yangu. Dharau hiyo! Mtu anayekuonea huruma hadharani ni adui mbaya.

Alhamisi, 5 Juni

Tangi limejaa. Kosa ni la Stika. Yeye ndiye aliyeanza kuwapa abiria biskuti, nami nikajibu kwa chai ya bure. Leo nimepakia wastaafu arobaini, safari mbili. Wastaafu na chai ya bure! Shemeji kaja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba maji ya choo hayashuki tena, yanapanda.

Foleni mpaka Jumatano. Kwenda kwa Stika siwezi, jana nimemwambia tupu.

Mpango wa pili basi, na huu ni wa kitaalamu. Boti yangu na ya Stika zimefungwa ubavu kwa ubavu. Tundu la tangi langu liko upande wake. Kesho saa tano naufungua mkono wa tangi, ule wa kumwagia nje. Kwa mujibu wa kalenda ya jikoni, ile yenye saa za maji kujaa na kupwa, saa tano ya tarehe sita maji yanakupwa kwa nguvu. Rangi itatokeza chini ya boti ya Stika, itakaa dakika kumi, watu wataiona, kisha maji yataizoa yote nje ya bandari. Stika ananyang'anywa ufunguo. Bandari inabaki safi. Binti yuko shuleni, hatajua, na wiki ijayo anaogelea. Haumii mtu! Ila Stika, na yeye amezidi.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika kwa taabu. Nianze mwanzo.

Saa tano nikaingia chooni. Shemeji juu analinda, tumekubaliana akiona mtu akohoe. Mkono wa tangi ulikuwa mgumu, nikauvuta kwa mikono miwili, ukafunguka, ukanirushia kidogo. Nikajifuta kwenye suruali. Nikapanda juu, nikajimiminia chai.

Ikatoka. Rangi ya chungwa! Nzuri ajabu, sikutegemea. Ikatanda chini ya boti ya Stika pale pale nilipotaka. Watu wakaanza kunyoosha vidole. Nikanyoosha na mimi, tena nikauliza kwa mshangao ni nini kile.

Dakika kumi zikapita. Rangi haikwenda nje. Ikawa inaingia ndani. Ikapita chini ya boti yangu, ikapita gati, ikaenda kutulia kwenye zile ngazi za zege wanakofanyia mazoezi waogeleaji. Shemeji akaniuliza kama ndivyo ilivyopangwa. Nikamwambia asiwe na haraka, maji yana njia zake.

Saa nane nikafika nyumbani kula. Binti yangu amekaa kwenye kigoda jikoni, rangi ya chungwa kuanzia paji la uso hadi nyayo. Kumebaki duara mbili safi pale ilipokuwa miwani ya kuogelea. Leo walimaliza mtihani mapema, akapitia mazoezini. Mke wangu alikuwa anamsugua shingo kwa dodoki na haitoki. Akanitazama, akauliza ni nani aliyefanya unyama huu.

Hapo akili yangu ikafanya kazi kuliko siku zote. Nikasema Stika. Nikasema rangi imeonekana chini ya boti yake na gati zima ni shahidi. Na kama kuna ushahidi mkubwa kuliko huu uliokaa kwenye kigoda, nionyeshwe! Nikamshika binti mkono, twende kwa mkaguzi. Akanifuata bila neno. Ukimya ule ulipaswa kunishtua. Ni mtoto wa mama yake yule.

Ofisini nikaomba Stika aitwe. Nikamkalisha binti kitini, katikati, mahali penye mwanga. Nikazungumza vizuri sana. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema mtu anapewa ufunguo wa bomba la umma, kumbe yeye ndiye mchafuzi. Nikasema naongea si kama nahodha bali kama mzazi, na nikainua mikono yote miwili juu kuonyesha uchungu wa mzazi.

Mkaguzi ananitazama juu ya kichwa. Stika naye vile vile. Binti ndiye aliyesema.

"Baba, mikono yako."

Nikaitazama. Rangi ya chungwa hadi kwenye vifundo, hata chini ya kucha.

Nikasema nimemenya machungwa. Mkaguzi akafungua rejista, akaigeuza upande wangu nisome mwenyewe. Boti namba moja, kijani. Namba mbili, buluu. Akashuka na kalamu, taratibu, hana haraka, mpaka chini. Namba kumi na nne, chungwa. Kila boti na rangi yake! Kumbe zile kalamu hazikuwa za bure.

Stika alitazama dari. Angecheka ningejua la kufanya.

Binti akasema tena, wala hakupaza sauti. "Niliiona tangu nyumbani. Nikadhani ukifika hapa utasema."

Nimepigwa na maneno mengi maishani, hayo sijui yalinipata wapi. Nilikaa.

Hukumu: leseni imewekwa kabatini mpaka Jumapili ya tarehe 15. Kuanzia Jumatatu naendesha bomba mimi, kila siku, boti zote, ili tangi lolote lisipate sababu ya kufunguliwa kabla ya kipimo. Na kama kipimo cha Jumatano kitashindwa, mkaguzi kasema hana njia, mashindano yatafutwa. Amesema huku anamtazama binti.

Nimerudi nyumbani nikaitazama kalenda. Bado iko Mei. Tarehe sita ya mwezi uliopita maji yalikupwa saa tano kweli kweli. Mke wangu akanyoosha mkono, akaifunua mpaka Juni, akaendelea kukata vitunguu.

Jumamosi, 7 Juni

Rangi haina madhara, mkaguzi kasema, itatoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Lakini yale yaliyokuja na rangi yana madhara. Sikio la kushoto la binti limeamka linauma. Daktari kampa dawa ya matone na siku tatu za kupumzika, asiguse maji. Siku tatu, na imebaki wiki moja!

Mke wangu kaenda kwa dada yake, dawa kaniachia mimi. Binti hasemi na mimi tangu jana. Alikuja akalaza kichwa pajani kwangu, akageukia ukutani, sikio akanipa. Matone manne. Nilitia kwa uangalifu kuliko ninavyoegesha boti. Naona aibu, nasema wazi, maana hili daftari halisomi mtu. Nimemtia mwanangu uchafu sikioni kwa sababu sikutaka kusimama nyuma ya mtu anayepiga mluzi.

Jumapili, 8 Juni

Nimejaribu limau. Siki. Mafuta ya taa. Mikono bado chungwa, sasa inanuka kama karakana. Shemeji kaniuliza kama nina mpango. Sina. Siku mbaya.

Jumatatu, 9 Juni

Stika kanikabidhi ufunguo mbele ya watu, na viatu vya njano, na aproni. Nilijiandaa kwa kejeli, majibu ninayo matatu, makali. Hakunipa nafasi. Kanifundisha tu: mpira unaukaza hivi, unasikiliza mtambo, ukianza kukoroma tangi limekwisha. Kasema binti yake mdogo naye angependa kuogelea bandarini siku moja. Kisha akaenda zake. Majibu yangu matatu nimebaki nayo.

Matangi kumi na manne. Harufu si ya kusimulia. La kuvunda halina ubani.

Lakini nilipofika tangi la tano nikagundua jambo. Mtu haondoki mpaka niseme. Manahodha wakubwa, wenye boti za ghorofa mbili, wanasimama wameshika kofia wananiuliza kama imetosha. Nami nasikiliza mtambo. Nainua kidole. Nawaambia bado. Hakuna aliyewahi kunisubiri hivi, hata siku ya harusi yangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeboresha foleni. Namba za stika hazina msingi, nimepanga kwa uzito wa tangi, na uzito naukadiria mimi kwa macho. Boti yangu ya kwanza. Ya Stika ya kumi na nne. Hakulalamika! Kasema sawa kaka, akaenda kusugua boti yake.

Saa kumi alasiri nimefika boti ya kumi na mbili, mtambo ukakohoa ukazima. Nikauwasha, ukazima. Stika akaja, safari hii anatembea haraka. Leo alipakia shule nzima, watoto sitini. Tangi lake limejaa mpaka mdomoni na tundu la juu limeanza kutoa povu. Asipohudumiwa kabla ya giza, litafurika lenyewe, na maji yanapimwa saa moja asubuhi pale pale mbele ya boti yake.

Ningemweka wa kwanza angekuwa amemaliza saa tatu asubuhi. Hilo hakulisema. Mimi ndiye nililisema moyoni. Nikamwona akilini binti na kofia yake ya kuogelea aliyoifua jana akaianika dirishani, na hajagusa maji siku tatu kwa ajili yangu.

Shemeji akafungua mtambo: kichujio kimeziba kwa nepi ya mtoto. Nani anatupa nepi chooni? Ikatolewa, mtambo ukawaka. Boti ya kumi na mbili nikaiambia isubiri, ya kumi na tatu isubiri, nikauvuta mpira mpaka kwa Stika. Ulikuwa mfupi hatua mbili. Tukauunga na kipande kingine bila kifungio, nami nikashika kiungo kwa mikono. Kikavuja. Kikavuja usoni, shingoni, ndani ya viatu vya njano. Dakika kumi na nane sikuachia. Stika naye akaja akaweka mikono juu ya mikono yangu, shati lake jeupe limekwisha kabisa, na wala hakupiga mluzi.

Mtambo ulipokoroma tulikaa chini wote wawili. Halikudondoka hata tone baharini. Kanipa sabuni yake. Ina harufu ya waridi, nikamwambia siyo mbaya. Kisha nikamalizia zile boti mbili.

Nyumbani mke wangu kanizuia mlangoni, kanimwagia ndoo tatu uani. Binti alikuwa dirishani. Alicheka. Nami nimekula vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Wamekuja saa moja na chupa zao ndogo. Wamechota mahali sita. Nimeuliza majibu lini. Ijumaa. Nimeuliza kama naweza kuchagua mahali pa kuchota. Mkaguzi kanitazama tu, nikarudi kwenye bomba langu.

Ijumaa, 13 Juni

Yamepita!

Mahali sita, yote sita. Mkaguzi kabandika karatasi mlangoni, gati likapiga kelele. Nikakimbia mpaka shuleni na viatu vya njano. Mlinzi wa getini alikataa niingie kwa harufu, nikamtuma amwambie mtoto wa Nahodha Mipango kwamba kesho anaogelea. Akarudi, akasema binti kajibu ahsante baba. Neno la kwanza kwangu tangu Ijumaa iliyopita, na limepitia kwa mlinzi.

Jumamosi, 14 Juni

Leseni yangu iko kabatini, boti yangu haiendi. Stika kaniita nipande yake kuwafuata waogeleaji. Nilitaka kukataa, miguu ikawa imeshapanda. Kioo chake kwa ndani kina kitundu kidogo cha kuonea, saizi ya sahani. Inatosha kabisa, nimeshangaa.

Waogeleaji thelathini na mmoja. Kofia zote nyeupe. Ungemtambuaje mtoto wako? Mimi nilimtambua: visigino vya chungwa, juu chini, juu chini. Nikampigia kelele mpaka sauti ikakauka. Katikati ya bandari wimbi la boti kubwa likampiga usoni, akasimama kidogo, akakohoa, nami nikashika mkono wa Stika bila kujua. Akaendelea.

Wa saba! Kati ya thelathini na mmoja, na siku tatu za mazoezi nilizompotezea. Mke wangu alimfunga taulo akamkumbatia mpaka na yeye akalowa. Binti akaja akakaa kando yangu ukingoni mwa gati, anahema, midomo imebadilika rangi kwa baridi.

"Nimemeza mara mbili, baba," akaniambia. "Yana chumvi tu."

Nililia. Siandiki zaidi. Stika alikuwa na leso, safi, imepigwa pasi, bila shaka.

Jumapili, 15 Juni

Siku nzuri. Leseni nimerudishiwa. Mkaguzi kanishika mkono, kasema bandari haijawahi kuwa safi kama wiki hii na bomba halijawahi kwenda vizuri hivi. Mke wangu yupo, kasikia kwa masikio yake. Nyumbani binti kaniomba nimtilie matone ya mwisho, ingawa sikio limepona, nikamtilia.

Kuna jambo dogo. Adhabu ikiisha, kazi ya bomba inarudi kwa Stika. Nimerudisha ufunguo, viatu na aproni. Viatu vilishakaa vizuri mguuni. Nikamwambia mkaguzi kwamba mimi na ule mtambo tunaelewana, nikikaa mbali nao utaharibika. Kasema anashukuru, lakini mwendesha bomba ni Stika kwa barua, na mwingine yeyote hapewi ila akiwa anatumikia adhabu.

Akiwa anatumikia adhabu.

Nimetembea na hilo neno mpaka nyumbani. Jamani, si kanielekeza njia? Manahodha kumi na watatu wamezoea mkono wangu. Bandari inanihitaji. Stika ni mtu mwema, sina neno naye tena, ila mtambo hausikilizi vizuri, anauzima mapema. Kwa faida ya maji safi lazima nirudi pale, na mlango ni mmoja tu.

Kwa hiyo nitafungua mkono wa tangi, kidogo sana, kama kikombe kimoja. Safari hii si kwa kujificha. Boti nitaifunga mbele ya dirisha la ofisi ya mkaguzi, aone mwenyewe, aandike, tusisumbuane. Shemeji kauliza na binti je. Nimeshamfikiria, mimi ni mzazi. Shule zimefungwa, na kesho anaanza mazoezi ya mwaka ujao na kundi la wakubwa, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Nitafungulia saa nne, akiwa ameshatoka majini.